Lita Tano za Maji

"Kijana, haya hayana maji?"

Mama aliyeniuliza alikuwa na mtoto mgongoni, wa kama mwaka na nusu, kofia ya sufu imemfunika hadi kwenye nyusi. Ilikuwa saa moja kasoro asubuhi. Nikamwambia, "Ni safi kabisa, mama." Akanipa chupa yake ya plastiki, nikampimia nusu lita, akalipa, akaenda kupika uji.

Maziwa yalikuwa na maji. Nilikuwa nimeyatia mwenyewe saa kumi na moja na nusu alfajiri, lita 5 kwa kila lita 50 zilizofika kutoka Kiambu. Hiyo ilikuwa 2022. Nilikuwa nimetoka chuo baada ya kukosa karo semesta mbili mfululizo, na semesta ya tatu nikaacha kujifanya nitaipata. Nilikuwa nasomea kemia. Ndio, kemia. Cheka kidogo tuendelee.

Sitaki kukuandikia toba hapa. Nataka kueleza venye nilijitetea, manake utetezi wangu ulikuwa mzuri, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Ungekuwa utetezi wa kijinga ningeshausahau.

Turudi kidato cha kwanza. Mwalimu wetu wa kemia alichora mstari katikati ya ubao. Upande wa kushoto vitu safi: elementi kama dhahabu, shaba, oksijeni, halafu misombo kama maji na chumvi ya mezani, ambapo elementi zimeshikana kwa kipimo kisichobadilika. Upande wa kulia michanganyiko, yaani vitu vilivyowekwa pamoja lakini kila kimoja kimebaki na tabia yake, na ukiwa na subira unaweza kuvitenganisha kwa kuchuja, kuchemsha, kuacha vitulie. Kazi yetu ilikuwa kutaja vitu vya nyumbani naye aviweke upande wake. Hewa, kulia. Soda, kulia. Mchanga, kulia. Damu, kulia, na wasichana wa mbele wakapiga kelele. Baada ya robo saa upande wa kushoto ulikuwa karibu mtupu na wa kulia umejaa mpaka anaandika kwa herufi ndogo.

Tulipofika kwa maziwa darasa likagawanyika. Wengi tulisema ni kitu safi. Ni meupe, ni kitu kimoja, yanatoka kwa ng'ombe mmoja, kwani nani ameyachanganya? Mwalimu hakubishana. Aliyaandika kulia. Mimi niliudhika kuliko wenzangu wote, juu mamangu anauza maziwa, na kijijini kwetu Nyandarua kuambiwa maziwa yako si safi ni tusi.

Hapo lugha ndiyo iliyonikanganya. Kemia tulisomeshwa kwa Kiingereza, na lile neno la Kiingereza ukilibeba hadi nyumbani linageuka kuwa "safi". Na safi ni neno lenye kazi nyingi mno. Shati ni safi. Roho ni safi. Mtu akikuuliza hali unasema niko safi hata kama una deni la nyumba la miezi miwili. Mkemia akisema safi hasemi lolote kati ya hayo. Anasema tu kwamba ndani ya hiki kitu kuna aina moja ya kitu. Maji ya mtoni, yawe yamechujwa mpaka yang'ae, kwa mkemia bado ni mchanganyiko, kwa sababu yamebeba chumvichumvi za mawe na hewa iliyoyeyuka. Hata maji ya chupa ya dukani ni mchanganyiko. Maji yaliyo karibu zaidi na usafi wa mkemia mtaani ni yale ya kuongezea betri ya gari, yaliyogeuzwa mvuke kisha mvuke ukarudishwa kuwa maji. Hakuna anayekaribisha wageni na hayo.

Sasa utetezi wangu. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa karibu asilimia 87. Kilichobaki, kama asilimia 13, ndicho mafuta, protini, sukari ya maziwa na madini. Mafuta yenyewe hayajayeyuka, yanaelea kama matone madogo sana. Unaweza kujionea usiku stima zikipotea: tia matone machache ya maziwa kwenye glasi ya maji, halafu mulika na tochi ya simu kutoka upande. Utaona njia ya mwanga imejichora ndani ya glasi, kama miali ya jua inavyoonekana ndani ya nyumba yenye vumbi. Fanya hivyo na maji ya chumvi, mwanga unapita bila kuacha alama. Katika maziwa kuna vitu vinavyoelea na kuutawanya.

Kwa hivyo bosi wangu aliponiambia siku ya kwanza, "Hapo unaongeza ile kitu tayari iko," alikuwa amesema ukweli wa kisayansi bila kujua. Nilipiga hesabu usiku huo. Lita 50 za maziwa zina kama lita 43 na nusu za maji. Ongeza 5, unapata maji lita 48 na nusu ndani ya lita 55. Kutoka asilimia 87 umefika 88 na kidogo. Asilimia moja! Unamshtaki mtu kwa asilimia moja? Ng'ombe wawili wa boma moja wanaweza kutofautiana kuliko hivyo. Ng'ombe wa Jersey hutoa maziwa yenye mafuta mengi kuliko wa Friesian. Kiangazi si sawa na masika, na maziwa ya asubuhi si sawa na ya jioni.

Hata historia nilikuwa nayo upande wangu. Mwanzoni mwa karne ya 19 wakemia wawili Wafaransa, Joseph Proust aliyekuwa akifanya kazi Uhispania na Claude Berthollet, walibishana miaka kadhaa juu ya jambo hili hili. Proust alishikilia kwamba msombo una kipimo kimoja popote utakapoutoa. Maji ya Tana na maji ya Mara, ukishayatoa uchafu, ni gramu 1 ya hidrojeni kwa karibu gramu 8 za oksijeni, basi. Berthollet alisema vipimo vinaweza kuteleza. Kwa sehemu kubwa Proust alishinda, na vingi vya vile vitu vya Berthollet vyenye vipimo vya kuteleza vikaonekana kuwa ni michanganyiko. Maziwa yako huko kwa Berthollet. Asili haikuyapa kipimo. Viwango vya Afrika Mashariki vya maziwa mabichi vinasema mafuta yasipungue asilimia 3.25, lakini hiyo ni namba watu waliketi wakakubaliana. Hakuna ng'ombe aliyeitia sahihi.

Na pia kulikuwa na chai. Bosi alikuwa na msemo wake: "Si hata wao wakifika nyumbani wanaweka maji?" Wanaweka, tena nusu kwa nusu, na mwisho wa mwezi ukikaribia maji yanashinda, halafu ikifika tarehe 28 ni strungi. Chai yetu ya maziwa ndiyo mchanganyiko unaopendwa zaidi nchi hii na sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba si safi.

Ukiyaweka hayo yote pamoja, niliposema "ni safi kabisa" sikuwa nimedanganya zaidi ya mtu yeyote anayeuza maziwa. Hakuna maziwa safi. Kama hakuna safi, hakuna aliyechafua. Nililala na hoja hiyo miezi mitatu na nililala vizuri.

Iliyonitoboa kwanza ni hesabu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimepiga hesabu ya maji. Siku moja, sijui hata kwa nini, nikapiga ya ile asilimia 13. Lita 50 zina kama kilo 6 na nusu za chakula. Ukishatia maji, zile kilo 6 na nusu zinagawanywa kwa lita 55. Kila anayenunua lita anapata chakula pungufu kwa sehemu moja kati ya 11. Kwa upande wa maji ni asilimia moja na haionekani. Kwa upande wa mtoto, kila vikombe 11 kimoja ni hewa. Ni mchanganyiko uleule, namba zilezile, ila inategemea umesimama upande gani wa kaunta. Nyingine ni hii: lita 5 kwa siku, kwa shilingi 80 kila lita, ni 400. Mimi nilikuwa nalipwa 350. Kwa hivyo maziwa hayakunilipa hata siku moja. Nililipwa na maji, na bosi akabaki na 50 ya soda.

Lakini bado hoja ya pili ilisimama, ile ya kwamba usafi wa maziwa ni makubaliano tu. Ili ianguke ilibidi nimkumbuke mamangu na mita.

Nilipokuwa darasa la sita, kituo cha kukusanyia maziwa kilikuwa karibu sana na kwetu, dakika tano kwa miguu. Wengine walitoka mbali, wengine saa nzima na punda. Karani alikuwa na mita ya maziwa, kile kijibomba cha kioo chenye uzito chini. Unakitumbukiza, kinaelea. Maziwa ni mazito kuliko maji kidogo tu: lita moja ya maji ni kilo 1, lita moja ya maziwa ni kama kilo 1.03. Kwenye maziwa mazito kijibomba kinasimama juu, kwenye mepesi kinazama. Kikizama sana, karani anajua kuna maji. Asubuhi moja kilizama kwenye maziwa ya mamangu. Alikirudisha mara ya pili, kikazama. Mbele ya foleni nzima akamwambia, "Mama, leo umetuletea mto." Watu wakacheka. Maziwa yakakataliwa.

Mamangu hakubishana. Alibeba mkebe wake akarudi, akatupikia chai ya maziwa matupu siku mbili, ile chai nzito ya sikukuu, na hakuna aliyeifurahia. Ilitokea tena mara mbili mwaka huo. Jina likamshika. Alikuwa mtu wa kanisa, wa kikundi cha akina mama, mtu wa kuwekewa pesa za wengine, na kwa muda hakuwekewa.

Mwaka wa kwanza chuoni, katika maabara, ndipo nilipoelewa. Mita ile imetengenezwa kusomwa kwenye nyuzi maalum za joto, mara nyingi 20. Maziwa yakiwa na joto yanatanuka, lita moja inakuwa nyepesi, kijibomba kinazama. Maziwa yanayotoka kwa ng'ombe sasa hivi yana joto karibu na la mwili wake. Majirani zetu walitembea saa nzima kwenye baridi ya Nyandarua, wakafika na maziwa yaliyopoa. Mamangu alikuwa dakika tano. Alishtakiwa kwa kuwa karibu na kwa kuwahi. Nilipiga hesabu ya maziwa ya moto yale na ikanipa kama 1.026. Miaka mitatu baadaye nilipiga ya maziwa yangu ya Nairobi yenye lita 5 za maji. Yalitoa 1.027.

Ziangalie hizo namba mbili. Ya kwanza ni ya mwanamke ambaye hajawahi kutia tone. Ya pili ni yangu. Na yake ndiyo mbaya zaidi.

Kuna mchezo mwingine ambao wauza maziwa wakongwe wanaujua: mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hivyo ukiondoa malai maziwa yanakuwa mazito zaidi, kisha unatia maji mpaka mita irudi mahali pake. Mita inasema sawa, na mteja ameibiwa mara mbili. Maabara kubwa zina njia nyingine, kwa mfano kuangalia yanaganda kwenye nyuzi ngapi, manake maziwa huganda chini kidogo ya sifuri na maji yakiongezwa yanasogea kwenye sifuri. Kibanda chetu hakikuwa na maabara. Kilikuwa na mimi.

Hapo ndipo hoja yangu iliponigeukia. Nilisema kwa kuwa asili haikuchora mstari, hakuna mstari. Lakini fikiria vitu ambavyo asili imechora. Nikikuuzia shaba nikasema ni dhahabu, huhitaji kuniamini, dhahabu itajisemea yenyewe, ina uzito wake na joto lake la kuyeyuka, na haijui kupendelea mtu. Kitu safi kinaweza kujitetea. Mchanganyiko hauwezi. Maziwa hayana kipimo kimoja cha kuyasimamia, kwa hivyo kilichobaki kati ya ng'ombe na uji wa mtoto ni maneno ya watu: aliyekama, aliyebeba, aliyepima. Nilidhani kwa sababu maziwa ni vurugu ya vitu neno langu halina uzito. Ni kinyume. Yule mama hakuuliza swali la kemia. Alijua ndani ya maziwa kuna maji, hata mtoto anajua. Aliuliza kama kuna mtu ameingiza mkono wake baada ya ng'ombe, na mtu huyo alikuwa amesimama mbele yake amevaa aproni.

Na chai? Ile ya "si hata wao wanaweka maji"? Wanaweka wao. Akitia kikombe kimoja cha maji anajua ametia kimoja, anajua amebakisha nini kwa kesho. Nikimtangulia kwa kutia changu, hesabu yake yote ya jikoni inakuwa ya uongo na yeye haijui.

Serikali nayo ilichanganyikiwa papo hapo nilipochanganyikiwa mimi, sema yao ni ya mafuta. Miaka ile mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo kuliko dizeli, na wafanyabiashara wakawa wanayatia kwenye dizeli na kuuza kama dizeli. Vyote viwili ni michanganyiko, vinatoka kwenye mafuta ghafi yaleyale, vinafanana. Kwa hivyo Septemba 2018 ikawekwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili isilipe tena kuchanganya. Mtu wa Mukuru anayepikia stovu hakuwa na dizeli yoyote ya kuchafua, lakini tangu siku hiyo analipia kila lita. Ni rahisi kuadhibu kitu kuliko mtu. Karani wetu wa Nyandarua alifanya hivyohivyo, ila yeye angalau alikuwa na kijibomba cha kusingizia.

Mamangu sijamwambia. Alijua nimeacha chuo baada ya miezi minane, na hata hapo nilimwambia nafanya kazi "ya mambo ya maziwa", akafurahi, akadhani ni kiwanda. Aliniuliza kwa simu, "Baba," huniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la babake, "huko mnapima na mita?" Nikasema tunapima. Akasema, "Wafundishe wangoje yapoe." Nilikuwa nimemweleza ile mambo ya joto likizo ya mwaka wa kwanza, na nakumbuka hakusema kitu siku hiyo, aliendelea tu kuchambua maharagwe, halafu usiku nikamsikia akimpigia dadake simu na kueleza yote upya, nyuzi 20, kutanuka, kila kitu, kama mtu anayesoma hukumu ya kesi aliyoshinda.

Yule mama mwenye mtoto aliendelea kuja. Kibanda chetu ndicho kilichokuwa karibu na kwake. Asubuhi moja, mtoto sasa anatembea na amemshika sketi, aliniambia tu kama mtu anayepiga stori, "Siku hizi uji wake sitii maji kabisa. Nimeona maziwa ya huku ni mepesi, nikaacha." Hakuwa ananishtaki. Alikuwa ananieleza alivyotatua shida. Alikuwa amepima bila mita, kwa sufuria na kwa mtoto, na akalipa tofauti kutoka mfukoni mwake.

Nilitafuta cha kusema nikakosa. Nikampimia nusu lita yake, halafu nikachota kikombe kimoja zaidi nikamwongezea, bure.

Cha mkebe uleule. Akasema, "Asante, kijana, Mungu akubariki."